Nyumba njema si mlango, lakini bila mlango haiko nyumba



Ukitoka Uvira mjini kushuka Makobola, ni kilometa kama 15 tu, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume. Kando ya barabara hiyo mafundi wa mbao wanafanya kazi mbele ya macho ya watu wote. Vitanda vimesimamishwa wima, milango imeegemezwa kwa mti, fotei za salo zimefunikwa plastiki juu ya vumbi la magari. Mahali pengine ni atelye tu, mahali pengine ni duka kabisa la mebele, lenye kibao na kufuli. Tunapita hapo kila siku bila kufikiri kwamba sehemu kubwa ya nyumba zetu inatoka kwa mikono ya watu hao.

Mambo yafuatayo kila mmoja wetu anayajua. Kijana anashuka kutoka Misisi ao Lubichako. Mungu amemjalia, shimo limetoa. Kitu cha kwanza anachonunua ni simu, cha pili ni pikipiki, cha tatu ni salo: fotei nne na meza ya kioo. Mebele inafika nyumbani, watoto wanakimbia nyuma yake. Na nyumba yenyewe? Ukuta wa matofali mabichi, manjanja ya zamani, na pa mlango linaninginia pazia. Usiku, baba akiwa kwa shimo, mama anasukuma meza kwenye mlango, analala na sikio moja.

Siandiki hivi ili tumcheke kijana yule. Alitoa jasho, pesa ni yake. Nataka tuone kitu kimoja tu: fundi aliyemtengenezea salo njo yule yule anayejua kutengeneza mlango, dirisha na kitanda. Duka la mebele linaweza kuwa mkono mkubwa katika kujenga nyumba za watu wetu. Lakini halitafanya hivyo kwa kutoa zawadi siku ya sikukuu na kupiga picha. Litafanya hivyo tukiweka pamoja pesa inayozunguka, kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Makobola inajua maana ya nyumba

Hapa kwetu neno "nyumba" si neno dogo. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, na nyumba zikachomwa. Waliobaki walikimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa mpaka Tanzania, wakaishi miaka na miaka katika kambi kama Nyarugusu. Tangu 2005 meli za HCR zilianza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengi waliporudi kwenye pwani yetu, walikuta majani yameota mahali palipokuwa nyumba.

Halafu maji nayo yakaja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Watu zaidi ya 40 walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za watu wa kando.

Mtu aliyepitia hayo yote anajifunza kitu ambacho injinia hasemi: ukuta wa udongo ukianguka, umekwisha, lakini mlango unahamishika. Ukiwa na bawaba nzuri, unauchomoa, unaubeba kichwani pamoja na manjanja na mbao za kitanda. Pale utakapofika, huanzi na zero. Kwa hiyo mlango mzuri si urembo kwa watu wa sehemu yetu. Ni mali ambayo mto haupati kwa urahisi, na vita pia haviipati kwa urahisi.

Zamani nyumba ilikuwa ya bwana mkubwa

Wazee wetu waliofanya kazi katika makampuni makubwa wanakumbuka kambi za wafanyakazi. Kule Katanga, Union Minière ilianza mwisho wa miaka ya 1920 kuwaweka wachimbaji pamoja na wake na watoto wao ndani ya kambi, kwa sababu kampuni ilichoka kutafuta watu wapya kila mara. Kwetu Kivu pia, Kamituga na kwingineko, kulikuwa kambi za MGL, na baadaye za Sominki iliyoundwa mwaka 1976.

Nyumba hizo zilikuwa na mlango, na dirisha, na namba ukutani. Lakini zilifuata kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Mtu anachimba miaka 25, siku ya pansheni anaondoka na kitanda chake juu ya kichwa.

Serikali ya wakoloni nayo ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1952 iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA, ile iliyojenga Matete na Bandalungwa kule Kinshasa, na Bagira pale Bukavu. Nyumba hizo zingine zimesimama mpaka leo. Lakini zilikuwa za mijini, kwa mtu mwenye mshahara na karatasi. Mtu wa Makobola hakuwa katika hesabu hiyo.

Leo Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema habari ya makao: katika hali inazozitaja, bwana wa kazi ampe mfanyakazi nyumba inayofaa, na kama hana, amlipe pesa ya nyumba. Sisi wa sendika tunaipigania sheria hii kila mwaka mezani. Ila tuseme ukweli: kwetu Fizi, dhahabu nyingi inatoka kwa mkono, kwa nyundo na kwa karayi. Mchimbaji anagawana mfuko wa mawe na PDG wa shimo. Hana kontra, hana mshahara, hana mtu wa kudai pesa ya nyumba. Dhahabu yake inapimwa kwa vijiti vya kiberiti, inapita mikono mitatu, inaondoka. Mama anayetwanga mawe hana hata kile kipande cha mgao. Watu kama hao tuwaambie nini? Wangoje kampuni?

Mfano uko hapa Congo, si mbali

Watu wengi hawajui kwamba moja ya kazi kubwa za kujenga nyumba za maskini duniani ilijaribiwa katika nchi yetu kabla chama chake hakijaanzishwa.

Mwaka 1973, Mmarekani mmoja kwa jina Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa tajiri akagawa utajiri wake, alifika Mbandaka, Équateur, pamoja na mke wake Linda na watoto wao. Walikuja na kanisa la Disciples. Pale walianza kufyatua matofali ya simenti na kujenga nyumba kwenye kiwanja ambacho wakati wa ukoloni kiliachwa wazi ili kutenga mtaa wa wazungu na mtaa wa waafrika. Njia yao ilikuwa rahisi. Familia inapewa nyumba kwa bei ya vifaa, bila faida. Inalipa kidogo kidogo, bila riba. Na kile inacholipa hakirudi Amerika: kinaingia katika mfuko, kinajenga nyumba ya jirani.

Walikaa miaka mitatu. Mwaka 1976 Fuller alirudi kwao, akaanzisha Habitat for Humanity pale Americus, jimbo la Georgia. Tangu 1984 rais wa zamani Jimmy Carter alishika nyundo pamoja nao, na dunia nzima ikajua. Leo chama hicho kimejenga katika nchi nyingi sana, hata Kenya, Uganda na Malawi. Watu wanasema ni kitu cha Wamarekani. Lakini mfuko ule wa kuzunguka ulipimwa pia kando ya mto Congo, na watu wa Mbandaka walikuwa kati ya walipaji wa mwanzo.

Duka linaingia wapi?

Mwaka 1991, pale Winnipeg nchini Kanada, watu wa chama hicho walifungua duka. Siyo duka la vitu vipya. Walipokea milango, madirisha, meza, makabati na viti ambavyo watu ao makampuni hawavihitaji tena. Wanavitengeneza, wanaviuza bei ndogo, na faida inakwenda kujenga nyumba. Yule maskini ananunua kiti kwa bei anayoiweza, na pesa ya kiti inakuwa tofali la mtu mwingine. Leo maduka ya namna hiyo ni mamia, Kanada, Marekani na kwingine.

Sisi hatuko Winnipeg. Kwetu hakuna anayetupa mlango. Mlango ukioza chini, tunakata, tunaunga, unakuwa dirisha. Dirisha likichoka, linakuwa kiti cha jikoni. Lakini wazo lenyewe tunaweza kulichukua: duka la mebele si mahali pa kununua tu, linaweza kuwa kisima cha mfuko wa nyumba.

Tufanye hesabu ya mlango mmoja

Hesabu ifuatayo kila mtu anaweza kuifanya kwa kidole.

Tuseme watu 50 wako pamoja, katika koperative ao katika likelemba. Wanataka kuanza na milango 10. Bei ya milango 10 ukiigawa kwa watu 50, kila mmoja anatoa sehemu moja ya tano ya mlango mmoja. Ukiigawa tena kwa miezi mitano, kila mwezi mtu anatoa sehemu moja ya ishirini na tano. Hiyo si pesa ya kumwangusha mtu. Wengi wetu tunatoa zaidi ya hiyo siku moja ya jioni, kwa chupa.

Sasa milango 10 imepatikana, familia 10 za kwanza zinaipokea. Kila familia inarudisha sehemu moja ya kumi ya bei kila mwezi. Sehemu kumi ni mlango mzima. Kwa hiyo kila mwezi mlango mpya unatoka, na familia ya kumi na moja inaingia, halafu ya kumi na mbili. Baada ya miezi kumi, familia nyingine 10 na zaidi zimepata, na ile pesa ya kwanza haijapotea. Iko inazunguka tu. Ukimaliza milango, unaenda kwa madirisha. Ukimaliza madirisha, unaenda kwa vitanda, juu ya watoto wanaolala chini kwenye unyevu.

Na fundi anatoa nini? Nasikia watu wakisema fundi atoe mlango bure. Hapana. Fundi naye ana watoto. Mbao anainunua, anailipia usafiri, anailipia tena kwenye barriere za njiani. Ukimwambia bure, atakupa mlango mmoja wa mbao mbichi, halafu hatakusalimia tena. Muombe vitu anavyoweza kutoa bila kufa:

Kwanza, bei ya mfuko: alipwe mbao na alipwe kazi ya mikono, lakini faida ya duka aiache kwa milango hii. Anaweza kufanya hivyo, sababu anajua kila mwezi kuna oda moja ya hakika, hata wakati shimo halitoi na soko limelala.

Pili, kipimo kimoja. Milango yote iwe na upana mmoja na urefu mmoja. Fundi akikata mbao za milango kumi kwa pamoja, vipande vya kutupa vinapungua, na muda unapungua. Yule anayejenga ukuta naye anajua mapema aache nafasi gani.

Tatu, mbao iliyokauka. Mikaratusi mibichi ikiwekwa mlangoni leo, baada ya miezi michache imejikunja, mlango haufungi tena. Kando ya ziwa mvua inavimbisha mbao. Duka lenye nafasi ya kupanga mbao chini ya paa, hewa ikipita katikati, limeisha kutoa mchango mkubwa. Muvula ni bora, mchwa haiupendi, lakini bei yake si ya kila mtu.

Ine, mwanafunzi mmoja. Kila atelye ichukue mtoto wa mchimbaji aliyefia shimoni, ajifunze kushika randa. Mtoto huyo hatakuwa na lazima ya kurudi chini ya ardhi pale baba yake alipobaki.

Kanuni za kulinda mfuko

Najua swali linalokuja, sababu nimelisikia katika mikutano mingi: nani atakula pesa? Watu wamechomwa mara nyingi. Wenyekiti wamehama usiku na kasha. Kwa hiyo mfuko uwe na kanuni chache, na zisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Asipewe mtu pesa mkononi. Mfuko unamlipa fundi, familia inapokea mlango. Mlango hauwezi kunywewa.

Daftari liwe mbili, moja kwa mwandishi, moja kwa mama mmoja ambaye si ndugu yake. Kila mwisho wa mwezi zinasomwa pamoja. Zikikosana, kazi inasimama mpaka ieleweke.

Bei iandikwe kwa dola, hata kama watu wanalipa kwa franka ya siku ile. Tukiandika kwa franka, na franka ikianguka, ile sehemu ya kumi inakuwa sehemu ya kumi na tano, na mfuko unakauka bila mtu kuiba.

Wajane na wazee watangulie. Wenye pikipiki wangoje. Shimo likianguka, ao mtu akiugua, apewe muda, asing'olewe mlango. Lakini anayeweza kulipa na hataki, jina lake lisomwe.

Na karatasi ya mlango iandikwe jina la mume na la mke pamoja. Tunajua mambo yanavyokwenda baba akifa: ndugu wanafika na mikono mitupu, wanarudi na mebele yote. Karatasi yenye majina mawili haitazuia kila kitu, lakini itampa mama neno la kusema mbele ya sefu.

Sheria nayo tuiulize

Mfuko wetu usiwe sababu ya kuwaacha wakubwa wapumzike. Code minier iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema kampuni yenye kibali cha kuchimba iweke angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Inasema tena kwamba katika redevance, sehemu ya 15% ni ya sekta, sheferi ao komini ambako mgodi uko. Na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ndogo ndogo za makampuni, yaani sous-traitance, zipewe kwanza makampuni ya Wakongomani.

Basi popote kampuni inaposaini cahier des charges na wananchi, delege wetu aulize jambo moja rahisi: mabanki ya shule, vitanda vya sentre ya afya na milango ya nyumba hizo vitatengenezwa wapi? Mara nyingi shule inajengwa karibu na mgodi, na mabanki yanatoka mbali, juu ya lori, yamevunjika miguu kabla ya kufika. Wakati huo fundi wa pale pale anakaa na randa mkononi. Kama kazi hiyo itaandikwa kwa atelye za hapa, duka la mebele litapata nguvu ya kuchangia mfuko, na pesa ya dhahabu itakuwa imelala walau usiku mmoja katika kijiji kabla ya kuondoka.

Kwa wale wa mikono, sheria hiyo ya 2018 inataka mchimbaji awe ndani ya koperative inayokubalika. Wengi tunaiona koperative kama mahali pa kulipia kadi tu. Tuigeuze. Koperative isiyojua hata mwanachama gani analala bila mlango inamtetea nani?

Watu wengine watasema: vita havijaisha, tujengee nani? Nawajibu kama wazee wa Makobola walivyojibu kwa matendo, sio kwa maneno. Walirudi wakakuta majivu, wakajenga. Maji yakabomoa, wakajenga tena. Mtu anayengoja amani itimie ndiyo atafute mlango, watoto wake watakua nyuma ya pazia.

Kwa hiyo, mkutano ujao, iwe kwenye shimo, kanisani ao katika likelemba ya akina mama, leteni maswali matatu. Katika kartie yetu, nyumba ngapi hazina mlango? Fundi gani yuko tayari kukaa nasi kwa hesabu? Na nani wawili watashika daftari? Mkipata majibu ya hayo matatu, msingoje mfadhili, wala msimngoje mheshimiwa. Nendeni kwa duka mkiwa watu watano, si mmoja, mkaagize mlango wa kwanza.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, fungua uingie ndani. Lakini ili mtu aambiwe "fungua", lazima kwanza kuwe na kitu cha kufungua.